Ukingo Uliofagiwa

Siku ya kuniaga walinipa saa ya ukutani, vitenge na hotuba. Saa inakwenda vizuri. Vitenge nimegawana na mdogo wangu. Hotuba ndiyo iliyonishinda. Ofisa aliyeisoma, ambaye tangu aletwe wilayani kwetu sijamwona akilowesha hata soli ya kiatu, aliniita "mama mlezi wa mito ya Kyela". Watu wakapiga makofi, wengine wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa dirisha, na nje ya ukumbi ule, pale Mbugani, mtaro ulikuwa unapita na maji ya rangi ya chai ya maziwa, umebeba ndala na maganda ya muwa. Nikajiuliza, kama hivi ndivyo nilivyolea, mtoto angeachwa bila mlezi angekuwaje?

Baada ya pilau ninyi wenzangu mliobaki maabara mkanishika mkono mkaniomba niandike niliyoyaona kazini. Haya, naandika. Vyeo na mishahara sitavigusa, maana havikuwa vya kusimulia. Wala msitarajie maneno ya kupaka mafuta. Mito nimeipenda. Watu wanaokaa kandokando yake, nikiwemo mimi na ukoo wangu wote, ni jambo jingine.

Nilianza kazi nikiwa na cheti kipya cha fundi sanifu maabara na viatu vya kisigino. Aliyepewa kunifundisha alikuwa Mzee Asajile, mpima maji wa zamani, mrefu, mkavu, mwenye kofia ya sufu kichwani hata joto la Kyela likiwa limewashinda mbuzi. Aliangalia viatu vyangu. Akanipeleka hadi ukingoni mwa Mto Mbaka, akakunja suruali, akaingia majini mpaka magotini, kisha akageuka.

"Njoo, binti. Unasubiri maji yakufuate ofisini?"

Nikavua viatu nikaingia. Alinifundisha kusimama nikitazama kule maji yanakotoka, chupa mbele yangu, mdomo wake ukikabili mkondo, na mimi nyuma yake, ili nisichote tope nililolitibua mwenyewe. "Wengi wa wakubwa zako," alisema, "wanapima miguu yao na kuandika kwamba ni mto." Alinifundisha kusuuza chupa kwa maji yale yale ya mto kabla ya kujaza, kuyanusa, kuyatazama juani, kisha kuyamimina kwenye mrija wa tope. Wageni wa kazi hii niwaeleze: ni mrija mrefu wa plastiki angavu, chini yake pamechorwa msalaba mweusi. Unamimina polepole huku unachungulia kwa juu. Msalaba ukipotea machoni, unaacha, unasoma alama ubavuni. Kiangazi mrija unajaa na msalaba bado unaonekana. Masika unapotea kabla mkono haujachoka. Vyombo vya umeme vilikuja baadaye, vingi vikafa na betri zake. Mrija wangu umekwaruzika lakini haujawahi kuniomba chaji.

Jambo la pili alilonifundisha lilinichosha zaidi. Hakukubali niandike neno lolote kuhusu mto kabla sijapanda kuona unakotoka. Tukapanda hadi upande wa Rungwe, tukatazama matuta ya viazi yaliyolimwa kufuata mteremko, mvua ikija inapata barabara ya moja kwa moja. Tukaona vyanzo vilivyokanyagwa na ng'ombe. Tukashuka tena bondeni kwenye mpunga, migomba na kakao iliyopandwa mpaka mizizi inaning'inia majini, na tanuri za matofali ambazo udongo wake umechimbwa kwenye ukingo wenyewe, kuni zake zimekatwa ukingo wa pili. Na waendesha bodaboda wanaosha pikipiki katikati ya mto huku wanasikiliza redio, hawana habari. Mwisho tukasimama ufukweni Matema, mvua ilikuwa imenyesha usiku, tukaona tope la Mto Lufilyo limeingia ziwani mbali sana kabla halijakubali kuchanganyika na bluu.

"Unaona?" Mzee Asajile akaniuliza. "Ile ni Rungwe na Kyela inakwenda kulala ziwani. Usiwahi kumwambia mtu kwamba maji yamechafuka. Mwambie shamba lake limeondoka."

Nimewaambia watu maneno hayo miaka yote ya kazi. Wanaitikia, wanasema ndaga fijo, asante sana, wanakwenda kulima palepale.

Wavuvi wa Matema angalau walikuwa na kilio cha maana. Mbasa, samaki wao mkubwa, hupanda mitoni wakati wa mvua kutafuta kokoto safi za kutagia mayai, na kokoto zilikuwa zimefunikwa tope. Lakini hata wao, mmoja alinieleza kwa uso mkavu kabisa kwamba samaki amekimbia kwa sababu ya kelele za disko za nyumba za wageni. Nikamuuliza kama samaki anasikia disko kupitia tope lile. Akanuna. Shamba lake la mihogo, baadaye nikaliona, lilikuwa limesimama wima mlimani juu ya kijito, matuta yake yakishuka moja kwa moja hadi majini.

Sasa niseme kidogo juu ya wageni wetu wa kiangazi, kisha niwaache na aibu yao. Kila mwaka walikuja watu kutoka juu kukagua hali ya mito. Walikuja lini? Mwezi wa tisa. Kwa nini mwezi wa tisa? Kwa sababu masika gari linakwama. Basi kila mwaka mito yetu ilipimwa ikiwa imelala, imetulia, unaona mpaka vidole vya kaa, na kila mwaka ikaandikwa kwamba hali ni ya kuridhisha. Niliwahi kumwambia mkuu mmoja wa msafara kwamba hiyo ni sawa na kumpima mlevi siku ya Jumapili asubuhi akiwa kanisani. Alicheka sana. Mwaka uliofuata akarudi mwezi wa tisa.

Lakini kisa ninachotaka mkikumbuke ninyi vijana hakikuletwa na wageni. Tulikitengeneza wenyewe, na kilikuja mwishoni mwa utumishi wangu, wakati nilipodhani hakuna ujinga tena wa kunishangaza. Kijiji sikitaji. Kipo juu kidogo ya barabara ya Matema, na bado nina mashangazi huko wanaonipikia nikienda.

Kijiji kile kilikuwa na mradi wa maji ya mserereko. Kijito kinashuka mlimani, kinakingwa na banio, ukuta mdogo wa zege, maji yanaingia kwenye tangi na kuteremka kwa bomba hadi vituo vya kuchotea, shuleni na zahanati. Mradi mzuri, wa akili. Juu ya banio pande zote mbili ni mashamba ya watu, migomba na kakao. Shamba la mwisho kabisa, lile linalogusa banio, lilikuwa la Tusekile.

Tusekile alikuwa mjane wa makamo, mdomo wake mwepesi, jembe lake zito. Sehemu ya juu ya shamba aliilima. Sehemu ya chini, mkanda wote unaopakana na kijito, aliuacha uote matete na nyasi ndefu. Msidhani alikuwa mtetezi wa mazingira. Alikuwa anauza. Matete yalikwenda Matema kwa watu wa vichanja vya kuanikia usipa, dagaa wa ziwa letu, mengine kwa wajenzi wa ua. Nyasi aliwauzia akina mama wa Ikombe, wafinyanzi, wazifungashie vyungu visigongane mtumbwini. Nilipomwambia siku ya kwanza kwamba matete yake ndiyo yanayochuja maji ya kijiji kizima, alinitazama kwa mashaka.

"Kumbe? Basi kijiji kizima kinadaiwa na mimi," akasema, akacheka, akaendelea kukata.

Ilikuwa kweli lakini. Mvua ikinyesha, maji yaliteremka kutoka mashamba ya wenzake yakiwa mazito. Yakiingia kwenye matete yale yanapunguza mwendo, yanatua mzigo wao, yanatoka upande wa pili mepesi. Nilipima masika baada ya masika. Juu ya matete msalaba haukuonekana, chini ya matete ulionekana. Hakuna mtambo wa serikali uliokuwa ukifanya kazi vizuri kuliko uzembe wa Tusekile.

Nasema uzembe kwa sababu ndivyo kijiji kilivyouita. Na hapa lazima nieleze jambo ambalo Mnyakyusa yeyote analijua na mgeni hawezi kulibahatisha. Sisi tunafagia. Alfajiri, kabla ya chai, kabla ya salamu, mwanamke ameshika ufagio. Uwanja unafagiwa, njia inafagiwa, chini ya migomba panafagiwa mpaka ardhi inang'aa. Nyumba yenye majani makavu mlangoni ni nyumba ya msiba au ya mvivu. Mama yangu alinichapa kwa ajili ya jani moja. Ni desturi nzuri, naipenda, na nyumbani kwangu naifuata mpaka leo. Lakini uwanja ni uwanja na ukingo wa mto ni ukingo wa mto. Ardhi iliyofagiwa kwenye mteremko, haina nyasi, haina majani, ikipigwa na mvua ya Kyela inabaki na nini cha kujishikilia?

Akaja Bwana Shamba mpya, kijana mchangamfu mwenye buti safi, akaona tunavyofagia, akafurahi mpaka akapitiliza. Akaanzisha shindano la shamba safi. Shamba lisilo na gugu hata moja, kuanzia njiani hadi majini, litapata zawadi. Jamani! Uwape Wanyakyusa shindano la kufagia! Watu walifyeka mpaka mawe. Walifagia chini ya kakao wakakusanya majani na kuyachoma, majani yaleyale yaliyokuwa yanailisha kakao. Walinyoa kingo za kijito zikabaki uchi. Nilikwenda kumwona kijana yule nikamuuliza kama anajua maji yanapita wapi mvua ikija. Akanijibu kwa heshima zote kwamba maji ni idara nyingine.

Shamba la Tusekile likabaki peke yake na nywele zake, na kila mtu akaliona. Shemeji yake, Anyosisye, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye aliyeliona kuliko wote. Alikuwa amelitamani tangu msiba, sema hakuwa na kisingizio. Sasa akakipata. Sheria ndogo ya kijiji inasema shamba lililoachwa kuwa pori linaweza kugawiwa mwingine mwenye nguvu ya kulilima. Akapeleka shauri kwenye baraza la ardhi la kijiji: shemeji yangu ni mchafu, shamba la ukoo limekuwa pori la nyoka, na aibu inatupata sote wakati wa shindano.

Tusekile alinipigia simu. "Dada, wanataka kunitoa. Njoo na ule mrija wako."

Nikaenda. Nilichota chupa moja kwenye mfereji unaoteremka kutoka mashamba yaliyofagiwa, kabla haujaingia kwenye matete. Nyingine nikaichota pale maji yanapotoka. Ilikuwa imenyesha asubuhi ile, mambo yote yakaonekana wazi. Baraza lilikaa kwenye kibaraza cha ofisi ya kijiji, watu wamejaa mpaka uwanjani, na Mwenyekiti wa kijiji, Lusajo, katikati, mtu mpole, mzee wa kanisa, anayemsikiliza kila mtu mpaka mwisho na kisha kufanya alichokuwa ameshaamua.

Nikamimina chupa ya kwanza. Nikawaita waje wachungulie. "Msalaba mnauona?" Hawauoni. Nikamwaga, nikasuuza, nikamimina ya pili. Wakachungulia tena, mmoja mmoja, wazee wakishika kofia zisidondokee ndani. Wanauona! Bibi mmoja akapiga kigelegele. Nikawaeleza taratibu, kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa, kwamba tope lote lililokuwa kwenye chupa ya kwanza limebaki kwenye matete ya Tusekile, na mbolea na kinyesi cha ng'ombe na dawa ya kakao vimebaki humo vilevile, na ndiyo maana watoto wao wanakunywa maji yanayonyweka. Matete yakitoka, yote hayo yanaingia bombani. Sikutumia neno gumu hata moja. Wote walikuwa wakiitikia kwa vichwa. Nilijiona nimemaliza.

Mwenyekiti akanishukuru. Akasafisha koo.

"Mama, tumeelewa, na tumeona kwa macho yetu. Unasema uchafu wote wa juu unanaswa kwenye matete haya."

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Ukishanaswa, unakaa wapi?"

"Unakaa humo humo. Matete yanautumia, mengine yanakuwa udongo."

"Humo humo." Akawageukia watu. "Ndugu zangu, mmesikia wenyewe kwa mtaalamu. Uchafu wa mashamba yote, miaka yote hii, umerundikwa hapa kwa Tusekile, hatua chache tu kutoka kwenye banio letu. Siku ukitoka wote kwa pamoja, tutapona?"

Watu wakaguna kwa hofu. Mwingine akasema, "Ndiyo maana kuna vyura!" Mwingine akasema pafyekwe leo leo. Nikasimama, nikapaza sauti, nikarudia yote tangu mwanzo. Nilikuwa nawaambia kitu wanachokiona kwa macho, nao walikuwa wanakubaliana nami kila neno, na kila neno walilokubali lilikuwa linamtoa Tusekile shambani. Nimekutana na wabishi wengi kazini. Hawakunishinda kama watu hawa walionielewa.

Tusekile akaomba kusema. Hakulia. "Mnataka shamba, semeni mnataka shamba," akasema akimtazama shemeji yake. "Msisingizie nyasi. Nimelima pale tangu nimeolewa, na nyasi zilikuwepo, na huyu Anyosisye alizikata kujengea choo chake, hakuona nyoka."

Watu wakacheka, naye Anyosisye akacheka pia, kama mtu ambaye ameshashinda. Akapewa shamba kulitunza kwa niaba ya ukoo. Tusekile akaruhusiwa kuvuna matete yake, kwa huruma ya baraza, kisha aondoke.

Niliripoti ofisini kwetu siku ileile, nikaeleza kitakachotokea. Nikajibiwa kwamba masuala ya ardhi ni ya kijiji. Nikarudi kijijini, nikajibiwa kwamba masuala ya maji ni ya ofisi yetu. Ardhi ina ofisi yake na maji yana ofisi yake. Tope halina ofisi, ndiyo maana linatembea linapotaka.

Anyosisye alifyeka, akang'oa mashina, akachoma, akafagia. Akapanda miche ya kakao kwa mistari, mstari wa mwisho kabisa ukiwa umeegemea zege la banio. Lazima niseme ukweli, lilikuwa shamba la kupendeza. Ungeweza kutandika mkeka ukala chakula popote. Akashinda shindano. Alipewa toroli na reki vilivyofungwa utepe, akapigwa picha na Bwana Shamba, na Mwenyekiti akaomba sala.

Mvua za kwanza zilipokuja hazikuwa kubwa hata kidogo. Banio likajaa mpaka juu, si kwa maji. Bomba likatoa kitu cha rangi ya kakao, halafu likaacha kutoa chochote. Walipozibua likatoa tena. Zahanati ikajaa watoto wa kuharisha, na kwenye zahanati yenyewe hapakuwa na maji ya kuwaoshea. Mpwa wangu mdogo alilazwa humo, mtoto wa binti wa shangazi, macho yamezama. Alipona. Nilikaa naye nikisikia hasira inanipanda mpaka masikioni, kwa sababu dirishani niliona mwanamke anafagia uwanja wa zahanati kwa bidii, anasukumia vumbi na majani yote kwenye mfereji unaokwenda kijitoni.

Waliniita. Kwanza Mwenyekiti akaniuliza kama kipimo changu kimeharibika, maana kinaonyesha vibaya tu siku hizi. Kisha wakamlaumu fundi aliyejenga banio. Kisha watu wa milimani. Kisha mmoja akakumbuka kwamba matete yalipofyekwa, Tusekile aliondoka akinung'unika, na huenda ameacha kitu. Ofisi ikaleta dawa ya klorini kwenye ndoo. Nikawaambia kwamba vimelea vinajificha ndani ya tope na dawa haivifikii, kwamba ni sawa na kumfulia mtu nguo akiwa bado ndani ya matope. Wakaitia dawa. Sasa maji yakawa tope lenye harufu ya hospitali, na wengine wakaridhika.

Mwisho wakapata wazo. Kuna kijito kingine upande wa pili wa kilima, kidogo lakini hakikauki. Wahamishe banio. Ofisi ikaniagiza nikapime kijito hicho kabla sijastaafu. Ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya mwisho.

Nilipanda na mrija begani, magoti yakilalamika. Nilipofika kijitoni nikamkuta mwanamke ameinama na ufagio wa chelewa, anafagia ukingo. Alikuwa ameshafika majini. Udongo ulikuwa mwekundu, mtupu, laini kama sakafu, na kando yake majani yamekusanywa tayari kuchomwa.

"Mugonile, dada!" akanisalimu kwa furaha. Alikuwa Tusekile. Ndiko alikohamia, kwenye kipande alichopewa na dada yake wa tumbo moja.

Tukasalimiana, akanikalisha, akanichomea ndizi. Kisha akanizungusha kuonyesha shamba lake lote, kila kona, na hapakuwa na unyasi hata mmoja wa kumfungia kuku. "Tazama. Pachafu hapa?"

Nikamwambia wanakuja kujenga banio chini yake. Nikamwambia anajua, kuliko mtu yeyote katika kata nzima, matete yanafanya nini. Ukingo huu ukibaki hivi, watoto watalazwa tena. Aache yaote, mkanda mdogo tu, mizizi bado ipo ardhini, haihitaji hata kupanda.

Alinisikiliza akiwa ameegemea ufagio.

"Najua, dada," akasema. "Naona yanavyochipua, nang'oa kila asubuhi. Unadhani sijui ninachong'oa? Shamba la kwanza lilikwenda kwa ajili ya nyasi. Nikipoteza na hili, nakwenda wapi? Wewe unakuja na mrija, unapima, unarudi Kyela. Niletee karatasi ya baraza, yenye muhuri, inayosema mtu mwenye nyasi ukingoni hanyang'anywi shamba. Ilete leo, na mimi ufagio huu nautia motoni mbele yako."

Sheria ya mita sitini, inayokataza kulima ndani ya mita hizo kutoka majini, naijua kwa moyo, nimeihubiri kila mahali, na nilijua wazi kwamba nikiitaja pale, baraza lileile lililomfukuza kwa kuwa na nyasi lingemfukuza kwa kutokuwa nazo. Nikajaza chupa zangu. Nikapima. Msalaba ulionekana kwa taabu.

Niliteremka moja kwa moja hadi kwa Mwenyekiti Lusajo. Nikamkuta kibarazani, uwanja wake umefagiwa mpaka alama za ufagio zimepangika kama nywele zilizochanwa. Nikamwambia yote bila kupunguza. Nikamwambia siombi pesa wala mradi, naomba mstari mmoja tu kwenye sheria ndogo zao, kwamba nyasi na matete ya ukingoni si pori, na haviwezi kuwa sababu ya kumnyang'anya mtu shamba. Nitauandika mwenyewe. Yeye apige muhuri tu.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake.

"Mama, tunakuheshimu sana," akasema. "Lakini hapo unataka tuupigie uvivu muhuri. Kesho kila mtu ataacha pori mpaka mlangoni, aseme anachuja maji."

Koo lilikuwa limekauka kwa kupanda na kushuka kilima, na kwa maneno. Mke wake, kwa ukarimu wetu, akaniletea maji kwenye glasi ya wageni, juu ya sahani, akapiga goti kunikabidhi. Nikayaweka mezani kidogo nifute jasho. Kisha nikanyoosha mkono kuyachukua.

Mwenyekiti akanizuia kwa upole.

"Subiri kidogo, Mama," akasema. "Yaache yatulie kwanza."